Amana Iliyomo Ndani ya Simu na Kompyuta Zetu

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha baada ya taraweh. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni. – Mhariri)



 Najua wengi mmechoka na taraweh na wengine wanafikiria daku, kwa hivyo nitajaribu kutorefusha maneno.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na simu hapa Mombasa. Watu wengi wanaokuja kwangu hawasikitikii kile kifaa. Simu ikivunjika kioo, kioo kinabadilishwa. Kompyuta ikifa, inanunuliwa nyingine, hata kama ni mtumba. Kinachomliza mtu ni kile kilichokuwamo ndani: picha za mtoto tangu alipozaliwa, sauti ya marehemu babake, kazi ya mwaka mzima ya chuo, hesabu za duka, orodha ya watu wanaodaiana. Hayo hayauzwi dukani. Ndiyo maana mada yangu nimeiita amana.

Na jambo la kuhifadhi maandishi si geni kwetu. Walimu wetu wametufundisha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Yaani katika mambo yote, aya ndefu zaidi imehusu kuweka kumbukumbu za mali ya watu. Sasa madeni yetu, mikataba yetu na hesabu za vyama vyetu zimehamia ndani ya simu. Je, tunazihifadhi vipi?

TULIKOTOKA

Wale wa rika langu wanakumbuka disketi. Ile disketi ya mraba ilikuwa inabeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja inayopigwa na simu ya kawaida siku hizi ingehitaji disketi mbili au tatu. Halafu zikaja sidii za megabaiti 700, tukaona tumefika. Zikaja flashi, kila mwanafunzi akawa anaivaa shingoni. Leo kijana ana simu ya gigabaiti 64 mfukoni, ambayo ni sawa na disketi zaidi ya 40,000, na bado inamwambia nafasi imejaa!

Lakini hebu tujiulize. Ni nani hapa anayeweza kufungua disketi yake ya mwaka 2001? Hata kama bado nzima, mashine ya kuisomea iko wapi? Sasa linganisheni na Lamu. Katika msikiti wa Riyadha kuna hati zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 19, na zinasomeka hadi leo. Katika miaka ya karibuni hati hizo zilipigwa picha na kuwekwa katika kompyuta chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Karatasi na wino vimekaa zaidi ya miaka mia moja, katika joto na chumvi ya pwani. Disketi haikumaliza hata miaka ishirini.

Sisemi turudi kwenye kalamu ya unyoya. Nasema kifaa cha kisasa kinabeba vingi lakini hakikai sana, na ni lazima mwenye mali ajue hivyo.

KIFAA CHENYEWE KINAFANYA KAZI VIPI?

Tuanze na jambo ambalo watu wengi wanalichanganya. Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Moja ni kama meza ya kufanyia kazi, nyingine ni kama kabati. Unapoandika barua, ile barua iko mezani. Stima ikipotea, vyote vilivyo mezani vinapotea palepale. Ukisevu, ndipo barua inaingia kabatini. Kwa hivyo unapoandika kazi, sevu kila baada ya dakika chache, usingoje umalize.

Kabati nalo lina aina zake. Ile diski ngumu ya zamani ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kijikono kinachosoma bila kuigusa sahani. Ukiiangusha inapofanya kazi, kile kijikono kinaweza kukwaruza sahani, na hapo kwisha. Ukianza kusikia diski inalia tik-tik-tik, usiendelee kuiwasha na kuizima. Izime, upeleke kwa anayejua.

Flashi, memori kadi na simu hazina kinachozunguka. Ndani yake maneno yako yamewekwa kwa chaji ndogo ndogo za umeme. Hizi hazidhuriki sana zikianguka, lakini huchoka kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na flashi ikiwekwa sandukuni miaka mingi bila kutumiwa, zile chaji zinaweza kufifia. Kwa hivyo flashi ni ya kusafirishia vitu. Si pahali pa kuweka kitu kimoja cha pekee ukakisahau.

Na ndugu zangu, tuache kuchomoa flashi kama tunayeng'oa jino. Unaweza kuona kwenye skrini kuwa faili imeisha kuhamia, kumbe kompyuta bado inaandika ule ukurasa wa fahirisi unaoonyesha kila faili iko wapi. Ukichomoa hapo, faili zipo lakini fahirisi imeharibika, na flashi inakuambia iformatiwe. Bonyeza kuitoa kwanza. Ni sekunde tano tu.

PROGRAMU NAZO HUZEEKA

Kuna watu wakiambiwa na kompyuta wasasishe programu, wanabonyeza "baadaye" miaka mitatu. Nataka niwape kisa cha Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Vilikuwa vinafunga faili za watu kwa kufuli ya siri, kisha vinadai fedha. Hospitali kadhaa za Uingereza zilikwama, wagonjwa wakarudishwa. La kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile tangu Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Tena programu ina ajali yake. Windows XP iliyotumiwa katika kila saiba iliacha kutunzwa Aprili 2014. Windows 10 nayo, utunzaji wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya hayazibwi. Basi kompyuta ya namna hiyo isiwe ndiyo ya kufanyia mambo ya benki.

Halafu kuna hizi programu za wizi. Kijana anatafuta programu ya kulipiwa, anaipata bure pamoja na kifunguo chake, na kile kifunguo kinamwambia azime kinga ya virusi kwanza. Sasa wewe, mtu akija kwako usiku akakuambia, "Mfunge mbwa kwanza ndipo niingie nikupe zawadi," utakubali? Na mbali na virusi, kuna haki ya aliyeitengeneza. Hakuna haja ya kufika huko. LibreOffice ni ya bure kwa halali, inaandika barua na kupiga hesabu. Linux nayo ni ya bure, na inaipa kompyuta kongwe maisha mapya.

WINGU SI MBINGUNI

Siku hizi tunaambiwa, "Weka kwenye wingu." Ni jambo zuri, nami nalitumia. Lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyo katika jengo, katika nchi fulani, inayotumia stima kama yako. Tarehe 10 Machi 2021, jengo zima la kampuni ya OVH liliteketea kwa moto katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa hawana nakala nyingine walipoteza kila kitu.

Na si moto peke yake. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kuwa nyimbo, picha na video zilizowekwa huko kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Yahoo Groups, ambako jumuiya nyingi zilikuwa zinakutana na kuandikiana, ilifutiwa maandishi yake ya zamani, kisha ikafungwa kabisa Desemba 2020. Google nayo tangu Desemba 2023 imeanza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Kwa hivyo ile akaunti ya zamani uliyoweka picha za harusi ukaiacha, ingia leo.

Tena kuna hesabu ya nafasi. Google inatoa gigabaiti 15 bure, na hizo zinagawana barua pepe, picha na mafaili, na kwa simu za Android hata nakala za WhatsApp zinahesabiwa humo. Zikijaa, barua pepe mpya haziingii. Kuna kijana alikuja kwangu akilalamika kuwa anaomba kazi na hajibiwi. Tulipofungua tukaona akaunti imejaa video za kutumiana. Pengine alijibiwa, barua ikarudi ilikotoka. Allahu a'alam.

Na intaneti yenyewe inapita baharini. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009. Mei 2024 nyaya mbili za ukanda huu zilikatika baharini, na Kenya na jirani zetu tukawa na intaneti ya kusuasua. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na watu wenye shughuli zao wakakwama. Funzo ni dogo: cheti au risiti ukishaipata mtandaoni, ipakue, uwe nayo mkononi. Usingoje siku ya safari.

NAKALA, NAKALA, NAKALA

Tuje sasa kwenye dawa. Mafundi wana kanuni moja wanayoiita tatu-mbili-moja. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya nyumba yako. Mfano: picha ziko kwenye simu, ziko kwenye diski ya nje iliyo kabatini, na ziko kwenye wingu au kwa dada yako Malindi. Mwizi akichukua simu, diski ipo. Nyumba ikiungua, Malindi ipo.

Msidhani hili ni la watu wadogo tu. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa inatengeneza filamu ya Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ikapigwa kimakosa, na sehemu kubwa ya filamu ikafutika. Kwenda kutazama nakala za akiba, zikawa hazifanyi kazi, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Wakaifunga kwa mablanketi, wakaibeba kwa gari kama yai. Kwa hivyo nakala usiiweke tu. Ijaribu, uone kama inafunguka.

Na sisi wa Mombasa tuna kisa chetu kikubwa zaidi. Muyaka bin Haji, malenga wetu, alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale. Miongo kadhaa baadaye, katika karne hiyohiyo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, na kwa kushirikiana naye Mwingereza W. E. Taylor akayanakili. Karatasi zile zikaenda London, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kwa kitabu. Lau Mwalimu Sikujua angesema, "Watu wanayajua haya kwa moyo, ya nini kuandika?" leo tungekuwa na nini mkononi? Hao walimu walifanya tatu-mbili-moja kabla ya kompyuta: kichwani, karatasini, na nakala nje ya mji.

Sasa nasi tuna wazee wenye kasida, nasaba na historia za mitaa. Vijana wanawarekodi kwa simu, na hilo ni jambo jema. Lakini simu ile ikianguka feri, mzee keshafariki, tumempoteza mara mbili.

DENI LILILOFUNGIWA NDANI YA SIMU

Hapa nataka tukae kidogo, manake ndipo penye uzito.

Nimewahi kuletewa simu ya marehemu zaidi ya mara moja. Anakuja mjane au mtoto, simu imefungwa kwa alama ya kidole au namba ya siri. Anasema, "Mwanangu, hebu nifungulie. Watu wanakuja wanasema wanamdai, na wengine twajua alikuwa akiwadai yeye, lakini yote alikuwa akiyaandika humu." Na simu za sasa zimefichwa kwa siri kwelikweli. Bila ile namba, mara nyingi fundi mwaminifu hana la kufanya. Ukijaribu sana, inaweza kujifuta.

Fikirieni. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, watu wamekopeshana na kulipana kwa simu. Mweka hazina wa chama ana hesabu za watu ishirini katika simu yake. Mwenye duka ana daftari la mkopo katika simu. Akifa, mirathi haiwezi kugawanywa sawasawa mpaka madeni yajulikane. Na madeni yako nyuma ya namba nne au sita alizokufa nazo.

Basi nini cha kufanya? Kwanza, deni liandikwe pia pahali ambapo mwingine anaweza kulisoma, hata kama ni daftari la shilingi hamsini, na mashahidi wawepo. Pili, hesabu za chama au msikiti zisiwe katika simu ya mtu mmoja. Ziwe na nakala kwa watu wawili au watatu wanaoaminika. Tatu, Google wana mpango ambao unachagua mtu atakayepewa vitu vyako ukitoweka kwa miezi kadhaa. Apple nao tangu mwisho wa 2021 wana mpango wa kumteua mrithi wa akaunti. Yote mawili yanapatikana katika mipangilio ya akaunti. Nne, mwambie mkeo au mumeo au mwanao mkubwa kwamba daftari liko wapi. Sisemi umpe namba yako ya siri ya M-Pesa! Hiyo ni yako peke yako. Nasema ajue penye kumbukumbu za haki za watu.

SIRI ZA WATU

Neno la mwisho ni juu ya siri. Nenda katika saiba yoyote, tazama kwenye skrini na katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Utakuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, hata majibu ya hospitali. Mtu ameprinti, akalipa, akaenda zake. Ukimaliza shughuli, toka kwenye akaunti yako, ufute ulichopakua, na ulitoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Nanyi wenye saiba, zifuteni kila jioni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa vipi, na kudai zisahihishwe au zifutwe. Hata ya sheria mbali, mtu amekuamini.

Na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe, usimpe mtu yeyote, hata akipiga na kujiita wa kampuni ya simu au benki. Akiipata, WhatsApp yako inakuwa yake, na atawaomba pesa jamaa zako kwa jina lako, hasa mwezi huu ambao watu wana moyo wa kutoa.

MASWALI

Swali: Nimefuta picha kwa bahati mbaya. Zinaweza kurudi?

Jibu: Kwanza tazama kwenye pipa la taka la simu. Google Photos, kwa mfano, huziweka siku kadhaa kabla ya kuzifuta kabisa. Kama zilikuwa kwenye memori kadi au flashi, acha kuitumia papo hapo, usipige hata picha moja. Ukifuta, mara nyingi kinachoondolewa ni jina katika fahirisi, picha bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini zikishafutwa kabisa ndani ya simu ya kisasa, kuzirudisha ni vigumu mno.

Swali: Je, inafaa kufungua simu ya marehemu kutafuta madeni?

Jibu: La hukumu nawaachia walimu wetu waliopo hapa. Mimi la ufundi nimelisema: jitayarisheni mapema, lisifike huko.

Swali (kutoka upande wa kina mama): Mimi kompyuta siijui. Nifanye nini?

Jibu: Mama, chagua picha kumi unazozipenda zaidi, mpe mwanao akaziprinti, uziweke kwenye albamu. Nyuma ya kila picha andika jina la mtu na mwaka. Na madeni yako yaandike daftarini. Hapo utakuwa umewapita wengi wenye kompyuta.

Ndugu zangu, kabla ya Idd kila mmoja wetu afanye moja tu kati ya haya: anakili picha zake kwenye diski, au afungue akaunti yake ya zamani, au aandike madeni yake. Anayeshindwa aje dukani tusaidiane, kwa mwezi huu hakuna malipo ya kunakili.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.